Kabale Amesema Uzeni

Kama kuna kitu Kabale hakuweza kuvumilia hapa duniani, ni mtu mzima kukata kucha za miguu mahali watu wanapokula. Na Daktari Ntongai, pamoja na usomi wake wote, alikuwa anazikata hapo hapo mezani, kwa kisu kile kile cha kumenyea viazi. Kucha moja iliruka ikatua kando ya sahani ya chapati. Kabale akaiangalia, akaangalia chapati, akaisukuma sahani mbali.

"Daktari, hicho kisu ni cha jikoni."

"Nitakiosha, mama Hawo. Usijali."

Atakiosha lini? Alikipangusa kwenye suruali akakirudisha pale pale. Kabale alikichukua kwa ncha ya vidole, akaenda kukisugua kwa mchanga na majivu mpaka mkono ukamuuma, huku akinong'ona astaghfirullahi. Wale Wazungu wawili nao hawakuwa na nafuu. Mmoja alikuwa ameosha nywele ndani ya sufuria ya maziwa, eti alidhani ni beseni. Watu wanaokuja kutoka ng'ambo kuangalia mbingu, na hawajui sufuria na beseni!

Kambi yao ilikuwa nje kidogo ya Gotu, juu ya mwinuko wa mawe meusi, mahali ambapo upande wa machweo uko wazi kabisa. Ilikuwa miaka ile ya sabini, ukame mkubwa ukiwa umepita juzi juzi tu. Ntongai, Mmeru aliyefundisha chuo Nairobi, na wenzake wawili walikuja na darubini na kamera kufuata nyota ya mkia iliyokuwa ikikimbilia kwenye jua. Kila jioni, jua likishazama, waliikamata kwa muda mfupi kabla haijafuata jua chini. Kabale aliyaona mambo yao akapika chakula chao, basi. Kazi yenyewe alitafutiwa na mumewe Umuro, dalali wa mifugo katika soko la Isiolo, ambaye naye aliwaletea nyama ya mbuzi.

Mshahara wa kupika ulikuwa unaenda Kulamawe, kwa baba yake, mzee Halake. Huko ndiko alikokuwa Hawo, mtoto wao wa pekee, akilelewa na nyanya yake kwa sababu huko kulikuwa na maziwa. Na hayo maziwa yana habari yake. Vita vya shifta, vya waasi na serikali baada tu ya uhuru, vilimaliza zizi la mzee, na kile kilichobaki kikaenda na ukame. Mzee alibaki na fimbo tu. Ndipo ukoo ulipokaa, kama desturi ya Waborana ilivyo, huyu akatoa mtamba, yule akatoa ng'ombe wa kukamuliwa, mpaka mzee akawa mtu tena. Ng'ombe wa namna hiyo mtu hauzi hivi hivi. Ukimuuza bila shida kubwa, siku ukianguka tena hakuna atakayekuangalia mara ya pili. Kabale alijua hivyo, na Umuro alijua hivyo.

Jioni moja alikuwa anakoroga chai aliposikia Mzungu wa kamera anapiga kelele. Alidhani ni nyoka. Ntongai alitoka mbio kutoka kuoga, taulo kiunoni, sabuni masikioni, akaweka jicho kwenye darubini.

"Haiwezekani!" akasema. "Haiwezekani kabisa!"

Kabale alitoka na mwiko mkononi. Haikuhitaji darubini. Jana yake ilikuwa doa hafifu, ukipepesa macho limepotea. Leo mbingu bado ilikuwa na manjano ya machweo, na ile nyota ilikuwa inawaka peke yake juu ya vichaka, nyeupe, kali, na mkia mfupi umesimama wima. Wale wanaume watatu walikumbatiana, wakarukaruka, taulo la Ntongai likalegea, na Kabale akageuza uso haraka. Subhanallah, na huyu ana watoto wakubwa nyumbani!

Umuro alikuwepo, amekaa juu ya gurudumu la akiba, anachokoa meno. "Imekuwa nini?" aliuliza.

Ntongai alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hujibu yote. "Hicho kitu ni barafu, ndugu yangu. Barafu chafu, imechanganyika na vumbi na mawe. Imekaa mbali kwenye baridi tangu zamani. Sasa inakaribia jua, imepata joto, imepasuka, uchafu wa ndani umemwagika nje. Hilo vumbi ndilo linashika mwanga. Sisi tulitegemea iongezeke polepole, kumbe imewaka kwa siku moja!"

"Kwa hivyo kinachong'aa ni uchafu," Kabale alisema.

"Unaweza kusema hivyo, mama."

"Na itakaa hapo mpaka lini?" Umuro aliuliza tena.

"Siku chache. Kila jioni utaiona imeshuka zaidi, mpaka izame kwenye mwanga wa jua tusiione kabisa. Halafu inazunguka jua, inatokea upande ule mwingine, mashariki, alfajiri. Na mkia mrefu sana, kama haijavunjika yote."

"Una hakika itapotea?"

"Hiyo ni hesabu. Haina mchezo."

Umuro alicheka kidogo. Alichomoa kipande cha nyama kwenye jino, akakitazama, akakirudisha mdomoni akakitafuna. Kabale alirudi kwenye moto wake kwa kinyaa, akamwaga ile chai akapika nyingine. Kesho yake Umuro aliondoka, na nyama ya mbuzi ikakatika siku zote zilizofuata.

Nyota ilifanya kama Ntongai alivyosema. Ilishuka, ikashuka, mpaka jioni moja waliitafuta hawakuiona. Ntongai akataka kwenda mjini kupeleka telegramu Nairobi juu ya yale waliyoyaona, na Kabale akaomba lifti akanunue sukari na unga. Lokaale, dereva wao Mturkana, aliwashusha mbele ya posta. Kabale akaelekea madukani kwa njia ya soko la mifugo.

Hata hakufika madukani. Soko lilikuwa limejaa kuliko siku yoyote aliyowahi kuona. Ng'ombe wamebanwa zizini mpaka wanapandana, samadi imefika vifundoni, nzi hawahesabiki, na harufu ile inakaa kwenye nguo siku mbili. Alijifunika pua kwa leso. Hapo ndipo Maryan, mama mmoja wa Kulamawe anayeuza maziwa mjini, alipomwona akaja mbio kumshika mikono.

"Salaam aleikum, mama Hawo! Mungu akuweke. Ungekaa kimya sisi tungeangamia."

"Aleikum salaam. Nimefanya nini?"

"Si lile neno lako! Yattani amelileta kila boma. Kabale amesema uzeni. Kabale anapikia wale watu wa kuangalia nyota, wamemwambia ile nyota itazama kwenye jua, na ikitokea upande ule mwingine inakuja na ugonjwa wa ng'ombe. Serikali itafunga soko, karantini mpaka mwaka uishe, ng'ombe wafie mikononi mwetu. Na kweli imezama! Mimi nilisema huo ni uongo, lakini ilipozama nikaleta wangu wote, nikauza kwa bei ya mbuzi."

Kabale aliitoa mikono yake kwa Maryan. Yattani alikuwa mshirika wa Umuro pale sokoni, mguu wake na ulimi wake. Na Yattani hakuwahi kuongea na Kabale zaidi ya salamu.

"Na baba yangu?" aliuliza.

"Mzee alikuwa wa kwanza. Alisema, mtoto wangu hawezi kunitumia neno la bure."

Sasa sikia ubaya wake ulivyopangwa. Kwa Waborana mtu hamzoei mkwewe. Hali naye, hamtazami usoni, akikutana naye njiani anatoka njiani, na jina lake halitaji hata akiwa usingizini. Tangu Umuro aoe hajawahi kumwambia mzee Halake neno moja. Akiwa na jambo la kumwambia anampa Kabale, na Kabale analipeleka kama lake. Miaka yote hiyo mzee alizoea kwamba sauti ya Kabale ina watu wawili ndani, na wote wawili ni wa nyumbani. Umuro alichukua hiyo heshima, akaitumia kama kamba ya kuvutia ng'ombe.

Kabale alipanda juu ya uzio akachungulia. Alimtafuta mmoja tu, na akamwona: Dimtu, yule mwekundu wa pembe zilizoinama, sikio limekatwa kwa alama ya ukoo. Dimtu ndiye aliyekuwa anamnyonyesha Hawo, kama tukisema ukweli. Alikuwa amesimama kwenye samadi, chuchu zimejaa hazijakamuliwa, maziwa yanadondoka kwenye uchafu. Huyo ni ng'ombe ambaye Umuro alimjua kwa jina. Mtu anauza maziwa ya mtoto wake mwenyewe! Kabale alishuka, akainama kando ya uzio, akatapika chai yote ya asubuhi.

Kisha akapangusa mdomo akakimbia posta. Ntongai alikuwa anatoka, anapiga mluzi.

"Daktari, twende sokoni. Wanadanganywa kwamba nyota italeta ugonjwa. Wewe uwaambie tu, kwa mdomo wako, kwamba ni barafu. Lori la kubeba ng'ombe litapakia leo."

Alimweleza yote. Ntongai alisikiliza, halafu, wallahi, alicheka. "Watu wenu bado wanaamini hayo?"

"Wanaamini kwa sababu wewe ulisema itazama na ikazama!"

"Mimi nilisema habari ya nyota. Sikusema habari ya ng'ombe. Mama Hawo, mimi nikianza kuingilia biashara ya soko nitamaliza lini? Na nikimkosea bwana yako, nyama haitarudi. Hayo myamalize nyumbani." Akaangalia saa. "Nunua sukari haraka, leo nataka kula mapema."

"Jipikie," Kabale alisema. "Kisu unakijua kilipo."

Alimwacha hapo, mdomo wazi. Lokaale, aliyekuwa ameegemea gari, aligeuka upande ule mwingine asionekane anacheka.

Mzee Halake alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha duka moja karibu na msikiti, na kitambaa cha pesa kimefungwa shingoni. Alipomwona binti yake uso ulifunguka wote. "Umefanya vizuri kutukumbuka, mwanangu. Watu wanakusifu mji mzima."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko samadi na kucha na vyote. Alipiga magoti mbele yake. "Abba, mimi sijasema neno. Sijamtuma mtu. Ile nyota ni barafu, haina ugonjwa wowote."

Mzee aligeuza uso. Aliangalia barabara, akaangalia mikono yake. "Basi nani amesema?"

"Baba Hawo."

Hakuuliza tena. Alifungua kile kitambaa, akakitazama kama kitu kilichookotwa jalalani, akakifunga. "Ng'ombe si wangu," alisema. "Ni wa watu walionipa. Nitawaambia nini?"

"Abba, lori bado halijapakia. Twende ukae mlangoni."

"Nikae tu?"

"Ukae tu."

Mzee hakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Zizi lile lilikuwa na mlango mmoja, na lori la Nairobi lilikuwa linarudi nyuma kuufuata. Halake alitandika shuka lake katikati ya mlango, akakaa, fimbo magotini, akaomba mtu amletee chai. Watu wa Kulamawe walipomwona walisogea, na Kabale akawaambia mmoja mmoja: mimi sijasema. Maryan alishika kichwa. Wengine walimkodolea macho, wakatazamana.

Umuro alitokea upande wa mbele wa lori, karatasi mkononi, akielekeza dereva. "Rudi, rudi, rudi..." Akamwona nani yuko mlangoni. Looo! Alirudi nyuma ya lori haraka hata kiatu kimoja kikabaki kwenye samadi. Mtu hampiti mkwewe, na kumwondoa ndiyo kabisa. Akamtuma Yattani. Yattani akaja amejikunja, "Mzee, tafadhali, kivuli kiko kule." Mzee akasema hapa jua ni zuri. Yattani akaenda, akarudi. "Mzee, watu wanataka kupita." Mzee akasema wapite, amewazuia nani? Watu wakaanza kucheka. Dereva wa lori, mtu wa Nairobi asiyejua chochote, alipiga honi, akatoa kichwa dirishani akauliza kwani huyo mzee amenunua mlango.

Kabale hakucheka. Aliona miguu ya Umuro chini ya lori, mmoja una kiatu na mwingine hauna, inakwenda na kurudi, na alimjua vizuri mwenye miguu hiyo. Moyoni alimwomba Mungu Umuro abaki nacho angalau hicho kidogo, aibu yake ya mkwe. Aondoke tu, hata asiombe msamaha.

Dereva akawasha injini akasema anaondoka. Ndipo Umuro akatoka. Alikuja moja kwa moja, uso wazi, hakujifunika, hakugeuka pembeni. Akasimama mbele ya mzee, karibu hata kivuli chake kikamwangukia magotini, akamtazama machoni.

"Halake," alisema kwa sauti. "Toka hapo mlangoni. Ulipewa pesa."

Watu wa Kulamawe walirudi nyuma. Hata wale waliokuwa wakicheka walifunika midomo. Mzee mwenyewe alifumba macho, kama mtu aliyemwona mwenzake uchi na anamsitiri. Kabale alitema mate chini. Hakujua kama ametema kwa sababu ya jina lile au kwa sababu miaka yote amelala kando ya mdomo ulioweza kulitamka.

Kisha mpakiaji mmoja akaweka fimbo yake chini. Wa pili akaweka. Hakuna aliyewaambia. Wote waliokuwa wamekodiwa kusukuma ng'ombe kwenye lori waliondoka, mmoja mmoja, wakapangusa mikono kwenye nguo kama wamegusa mzoga. Umuro aliwaita kwa majina, akaahidi kuongeza malipo, akatukana. Yattani naye alikuwa ameshapotea. Dereva aliuliza atapakia peke yake au vipi, akasubiri kidogo, akaondoka na lori tupu.

Mzee Halake aliinuka. Aliweka kitambaa cha pesa chini, pale shuka lilipokuwa, hakukitupa. Watu wa Kulamawe wakafuata, kila mmoja akiweka alichopewa juu ya kile cha mzee. Umuro alibaki amechuchumaa akikusanya noti kwenye samadi na kuzipangusa kwa kiganja. Kabale alipita kando yake na hakusimama.

Walitoa ng'ombe jua likiwa bado juu. Kabale alimkamua Dimtu kidogo kumpunguzia maumivu, akamsindikiza baba yake mpaka mwisho wa mji, mahali barabara ya Kulamawe inapoanza vumbi. Moyo ulikuwa umetulia kidogo.

"Abba," alisema, "ile nyota itatokea tena. Alfajiri, upande wa mashariki, na mkia mrefu. Waambie mama na Hawo wasiogope. Waambie Kabale amesema ni barafu tu."

Mzee alisimama. "Hilo neno sitalibeba."

"Ni kweli, Abba. Hii ni kweli."

"Najua ni kweli. Nimelisikia kwako. Lakini nikifika kule niseme Kabale amesema, watu watainuka waende zao. Mamako mwenyewe ataniuliza, Kabale gani?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemweleza mtoto kwamba kisima fulani kimekauka. "Usitutumie neno tena, mwanangu. Ukiwa na la kusema, njoo na miguu yako."

Akapiga mluzi, ng'ombe wakaanza kwenda. Kabale alisimama barabarani. Nyuma yake kulikuwa na nyumba ya Umuro, na kitanda cha Umuro, na nguo zake zote ndani. Kule mbele ilikuwa siku mbili za kutembea, na mwisho wake watu watakaomtazama mdomo kila atakapoufungua.

Alifunga leso kiunoni akafuata ng'ombe. Baba yake hakumngoja, lakini hakumfukuza.